Nyayo Tatu Mstari kwa Mstari

Kandambili ilitoka dirishani wakati pikapu imeshaanza kurudi nyuma kutoka uani. Ikapaa juu ya banda la kuku, ikatua kifudifudi kwenye tope la maji ya kuku, hatua moja tu kutoka miguuni pa Fundi.

"Okota hiyo!" Mama akapaza sauti toka ndani ya gari. "Ndicho kipimo chenu. Unyayo mmoja shimo kwa shimo, nyayo tatu mstari kwa mstari. Msije mkanipimia shamba langu kwa macho!"

"Sasa wewe huko utavaa nini?" Fundi akauliza, akikimbia kando ya gari huku futi yake ya kushonea ikimpigapiga kifuani.

"Nakwenda kulala kitandani nimefungwa macho. Kandambili za nini?"

Dada Mkubwa alikuwa kwenye usukani, shingo ameigeuza nyuma, jasho linamtoka. "Mama, ingiza mkono. Tutagonga lango."

"Mkono utaingia nikimaliza kusema. Fundi! Kopo liko juu ya kabati. Nusu iingie ardhini, nusu ibaki koponi. Punje mbili kila shimo, si tatu, si nne. Nikifunguliwa macho nitakuja kuchagua mbegu mwenyewe kwa mkono wangu huu. Mkinipotezea mbegu, sirudi."

"Usiseme hivyo, Mama."

"Nimeshasema. Nirudie nini hapo? Cherehani yako? Nitakaa kwa dada yako, nitazame ukuta mpaka mnizike."

Pikapu ikapita langoni kwa upana wa kidole, godoro la Mama likitikisika nyuma, redio yake imefungwa juu ya godoro kwa kamba kama mtoto mtukutu. Likabaki vumbi. Fundi akaokota kandambili, ya mguu wa kulia, akaifuta tope kwa pindo la gauni, kisha akaivutia futi papo hapo, maana mkono wa fundi ukishika kitu hautulii mpaka ukipime. Sentimita ishirini na tano kamili.

"Bibi kizee ana vituko," sauti ikasema mlangoni. "Dunia nzima wanapima kwa mita, yeye anapima kwa ndara."

Huyo ndiye Lami. Ni mdogo wake Fundi kwa miaka mitatu, na jina hilo alipewa na vibarua, maana alikuwa msimamizi wa kazi za barabara miaka thelathini. Alipostaafu alikuja pale kwa wiki mbili, kupumzisha mgongo. Wiki mbili hizo zilikuwa zinakwenda mwaka wa tatu.

Sasa, mtu unaweza kumpenda ndugu yako na bado usiweze kumtazama akila. Fundi alikuwa amefika hapo zamani. Kila asubuhi Lami alikohoa na kusafisha koo kwa muda wa birika zima kuchemka, na akimaliza alitema kwenye mfereji wa jikoni, akasema "alhamdu" kama mtu aliyetua mzigo. Aliingiza kidole kwenye sukari. Kucha za miguu alizikata dirishani sebuleni na kuzipanga kwenye kizibo cha chupa, wala haikujulikana anazipeleka wapi. Na lilikuwepo beseni. Beseni la buluu, la plastiki, ambalo zamani lilikuwa la kufulia vitambaa vipya kabla ya kukatwa. Lami alikuwa na fangasi wa miguu, na kila asubuhi aliloweka humo miguu yake kwa maji ya chumvi, akisugua katikati ya vidole huku akiimba. Fundi hakuligusa tena tangu siku ya kwanza. Alinunua jingine, jekundu, akalificha chini ya kitanda chake.

Mahindi yenyewe ya Mama yalikuwa ya nyumba hiyo tu. Meupe, punje bapa, pana, zenye kijibonde kichwani kama gego lililosagika. Aliyapata kwa mama yake, na kila msimu aliteua mahindi manene, akapukuchua katikati ya gunzi peke yake, ncha na tako akaviacha kwa kuku. Shamba lilikuwa kiwanja cha nyuma ya nyumba: mita kumi na tano kwa tisa, ukuta upande mmoja, choo upande mwingine. Si kitu cha kumlisha mtu mwaka mzima. Ila Mama alikuwa na miaka themanini na mbili, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na kitu alichobakia nacho duniani ambacho ni chake peke yake, ambacho akitoa amri kinatii, ni kiwanja hicho. Fundi alilijua hilo. Alijua pia kwamba Mama asiporudi, atabaki yeye na Lami, mezani, watu wawili, kila siku ya Mungu.

Mvua ya kwanza iliponyesha wakakaa kwenye meza ya kukatia vitambaa kupanga.

Fundi aliweka kandambili mezani, futi, chaki na kopo. Lami akaleta daftari lake la kazini, lenye jalada gumu, akalifungua.

"Tuanze kitaalamu," akasema. "Kiwanja mita kumi na tano kwa tisa. Mimi nasema mistari sentimita sitini, mashimo ishirini. Unapata mistari kumi na mitano, kila mmoja mashimo sabini na tano. Mashimo elfu moja mia moja ishirini na tano. Ukilinganisha na ndara ya Mama, umepata karibu mia nne za bure!"

"Za bure utazipanda kwenye mgongo wako," Fundi akamjibu. "Mama amesema nyayo tatu na unyayo mmoja. Tisa ukigawa kwa sabini na tano unapata mistari kumi na miwili. Kumi na tano ukigawa kwa ishirini na tano unapata mashimo sitini. Kumi na mbili mara sitini, mia saba na ishirini. Punje mbili mbili, elfu moja mia nne arobaini."

"Na kopo lina ngapi?"

"Nimepima. Vikombe sita vya chai, kikombe kimoja punje mia nne themanini. Nusu yake vikombe vitatu, elfu moja mia nne arobaini. Umeona? Mama haoni, lakini hesabu yake imelala kama suruali iliyopigwa pasi."

Lami akasonya. Akalamba kidole cha shahada, chote, mpaka kwenye kifundo, akakitumbukiza koponi. Kikatoka kimenatiwa na punje nne. Akaziangalia, akazipangusa mezani, akakilamba tena.

Fundi akalivuta kopo kwake. "Lami, toa mate yako kwenye mbegu za Mama!"

"Nakagua ubora, dada."

"Kagua kwa macho!"

"Macho hayaoni uzito. Sikiliza. Mistari nakuachia, fanya ya ndara. Lakini mbegu ziwe tatu kila shimo, halafu unaongeza theluthi ya upotevu. Hiyo ndiyo hesabu ya barabara. Kokoto ukiagiza bila theluthi ya upotevu hufiki hata kwenye kona." Akaandika, ulimi umemtoka pembeni. "Mia saba ishirini mara tatu, elfu mbili mia moja sitini. Ongeza mia saba ishirini. Elfu mbili mia nane themanini. Ngoja! Vikombe sita. Kopo zima! Dada, hesabu imekubali yenyewe!"

"Nusu itabaki koponi."

"Lakini..."

"Lami. Nusu itabaki koponi, ama sivyo nitakukata masikio kwa mkasi huu wa zigizaga."

Lami akainua mikono kama mtu aliyesalimu amri. "Haya, nusu itabaki. Umesema nusu, itabaki nusu. Mimi mtu wa kufuata vipimo."

Kesho yake asubuhi akaenda duka la pumba pale kona, akarudi na mfuko mdogo. Fundi alikuwa ana mteja, Mwalimu wa shule ya jirani, amesimama kwenye kigoda, sketi imejaa pini.

"Umebeba nini?" Fundi akauliza kupitia pini alizobana midomoni.

"Mahindi ya kuku," Lami akasema, na hilo halikuwa uongo.

Baada ya kitambo akasikia maji yanamiminwa uani. Akachungulia dirishani. Lami alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la buluu, lile lile, anakoroga kwa mkono.

"Unafanya nini?"

"Naloweka mbegu. Zinalala majini mpaka jioni, tukipanda zinachipua mbio."

"Ndani ya beseni la miguu?"

"Nimelisuuza!"

Fundi akatoka mpaka kizingitini, si zaidi. Toka pale aliona juu ya maji limetanda povu la kijivu, na ndani ya povu vinaelea vitu vidogo vidogo vyeusi, pamoja na utando kama ngozi iliyobabuka. Lile povu likatikisika Lami alipotoa mkono. Fundi akarudi nyuma nusu hatua. Akaijua ile ngozi, au alidhani ameijua. Ameiona inaelea humo kila asubuhi, mwaka wa tatu huu.

"Na nusu imebaki koponi?" akauliza, uso ameugeuza ukutani.

"Vikombe vitatu. Nenda kahakikishe."

Alikwenda, akapanda kiti, akainua kifuniko cha kopo, akaona limefika nusu. Akafunika. Mwalimu akamwita, "Fundi, pini imenichoma huku," akarudi kwenye sketi. Laiti angeingiza mkono mle koponi hata mara moja! Lakini kwenye kopo hilo kulikuwa kumeingia kidole cha Lami chenye mate, na mkono ulikataa.

Jioni wakapanda. Kamba ilivutwa toka ukutani hadi chooni. Fundi akapiga kandambili chini, moja, mbili, tatu, akachomeka kijiti cha mstari. Kisha unyayo, alama, unyayo, alama. Lami akafuata na jembe akifukua. Kazi ya kutia mbegu ikawa ya Fundi, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo baadaye lilimkosesha usingizi. Alichukua mifuko miwili ya plastiki, akavaa mikononi kama glavu, akafunga vifundoni kwa lastiki ya kushonea.

"Unaogopa mbegu?" Lami akacheka.

"Naogopa miguu yako."

"Weka tatu tatu basi, maana hivyo vidole vya plastiki vitaangusha."

Fundi hakubishana. Alitaka iishe. Aliweka tatu tatu, uso ameugeuzia pembeni, akichota beseni bila kulitazama, kama mtu anayemtoa panya aliyekufa kwenye mtego. Mikono ile, iliyokuwa na sifa mtaa mzima, iliyoweza kugusa kitambaa macho yamefumbwa ikasema hii pamba, hii nailoni, hii pamba iliyotiwa nailoni kidogo muuzaji akakuibia, mikono hiyo siku ile haikusikia kitu isipokuwa joto lake yenyewe ndani ya plastiki.

Kitu kimoja kilimgonga kichwani. Mstari wa nane ulipokwisha, mbegu zilipaswa ziwe zimekwisha. Vikombe vitatu, tatu kila shimo, mistari minane. Lakini beseni bado lilikuwa zito.

"Mbona haziishi?"

"Mbegu ikilowa inavimba, dada. Maharage ya jana hukuyaona?"

Ili kujua ukweli angepaswa kuinama, atazame beseni, ahesabu. Hakuinama. Mstari wa kumi na mbili ukaisha, na kilichobaki, Lami alikimwaga bandani. "Theluthi ya upotevu," akasema kwa furaha. Kuku wakakimbilia.

Siku kumi baadaye kiwanja kilikuwa aibu tupu. Shimo hili limetoa miche mitatu inasongana kama watu kwenye foleni, lile limetoa mmoja mwembamba wa manjano, mengine hayakutoa kitu. Fundi alifukua moja kwa kijiti. Akakuta punje imekuwa uji, imetobolewa katikati, inanuka kama kitambaa kilichosahauliwa majini.

Akasema moyoni, ni ule uchafu wake. Lakini mapengo lazima yajazwe, mvua ingali inaendelea, na mbegu zipo koponi. Akanawa mikono, akapanda kiti, akashusha kopo. Hakuvaa plastiki. Haraka ilimsahaulisha kinyaa. Akaingiza mkono mpaka kifundoni.

Akatulia hivyo hivyo, mkono umezama.

Vidole vyake vilikuwa vimeshika vitu viwili. Kimoja bapa, kipana, kina kijibonde. Cha pili kidogo, cha mviringo, kinateleza kama kifungo cha shati la mtoto. Akavisugua pamoja. Akachota konzi, akamwaga kwenye meza ya kukatia, juu ya kitambaa cheusi. Zote nyeupe. Mtu mwingine angeona mahindi. Kisha punje moja ya mviringo ikaonekana kujongea yenyewe, ikatoboka, akatoka fukusi, mweusi, mwenye pua ndefu, akaanza kutembea juu ya kitambaa bila wasiwasi, kama aliyekodi nyumba. Nyuma yake akatoka mwenzake. Vidole vya Fundi vilikuwa vyeupe kwa unga wa vinyesi vyao.

Ndipo lile povu likamrudia akilini. Vile vyeusi havikuwa uchafu wa kucha. Ule utando haukuwa ngozi ya mtu. Ni fukusi waliokufa maji na maganda ya mahindi yaliyoliwa, na mtu yeyote aliyesogea hatua mbili akatazama angevijua. Hakusogea.

"Lami!"

Lami akaja anatafuna, kipande cha mkate mkononi.

"Hii nini?"

"Hindi."

"Na hii?"

"Hindi vilevile. Hindi ni hindi, dada. Kokoto ni kokoto."

"Hii ya Mama. Hii ya kuku. Umechanganya."

"Nimeongezea," Lami akasema, bila haya hata chembe. "Ulitaka nusu ibaki, imebaki. Mimi nilihitaji vikombe sita, na kopo linavyo sita. Sita na tatu ni tisa. Nikaleta vitatu vya dukani, nikachanganya vizuri ili vilingane, sita ardhini, vitatu koponi. Kosa langu liko wapi? Barabarani changarawe nzuri ikipungua unachanganya na ya karibu. Watu wanapita. Nani ameanguka?"

"Ile barabara ya stendi uliyosimamia wewe, gari la taka lilizama mpaka vioo!"

"Hilo lilikuwa la mvua."

Fundi alimtazama. Makombo ya mkate yalikuwa yamemganda kwenye kona ya mdomo, yanapanda na kushuka. Alitegemea hasira ije imsaidie, lakini haikuja hasira, kilikuja kinyaa kile kile cha kila asubuhi, ila safari hii kilikuwa kinene, na kilimgeukia mwenyewe. Huyu mtu alikuwa vile alivyo, hakujificha. Kila alichofanya alikifanya uani, mchana kweupe, anaimba. Aliyekataa kutazama ni nani? Aliyefunga vidole vyake kwenye mifuko ya plastiki ni nani?

"Ondoka mbele yangu," akasema taratibu. "Na hilo beseni lako lisikanyage tena uani pangu."

Akafungia cherehani. Mteja aliyekuja aliambiwa kesho. Akamwaga kopo lote juu ya kitambaa cheusi, akakaa, akaanza kutenga punje moja moja, bapa kushoto, mviringo kulia, fukusi chini ya kidole gumba. Tap. Tap. Kila alipomponda mmoja alifuta kidole kwenye paja, wala hakunawa. Mchana mzima. Lami akakaa kando kwenye kigoda cha wateja, mnyonge kidogo sasa, akasema, "Nikusaidie?" Fundi akaponda fukusi mwingine.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Dada Mkubwa, lakini sauti ilikuwa ya Mama.

"Wamenifungua jicho moja," Mama akasema. "La pili wamesema limekufa siku nyingi. Nimemwona dada yako. Amenenepa! Mahindi yameota?"

Fundi akashika simu kwa bega. Uongo ulikuwa tayari ulimini, umekunjwa na kupigwa pasi. Akautema.

"Hayajaota ya maana, Mama. Nitayang'oa yote nipande upya."

"Mvua imeanza wiki ngapi hizi?"

"Bado inatosha. Mbegu ilichanganywa na ya kuku. Ardhini na koponi."

Mama akauliza neno moja: "Lami?"

"Lami. Na mimi. Nilikuwepo, sikutazama."

"Umebaki na ngapi?"

"Natenga sasa hivi."

"Kwa mkono mtupu?"

"Kwa mkono mtupu."

"Basi sikiliza. Utakazopata, nusu ardhini, nusu koponi. Moja moja kila shimo, usiwe na pupa. Wala usiyatandaze kiwanja kizima. Mahindi machache ukiyatawanya hayapeani vumbi la mbelewele, gunzi linatoka na mapengo kama kinywa cha marehemu baba yako. Yaweke pamoja, mraba. Nyayo ni zile zile."

"Utarudi, Mama?"

"Nitakuja kuona," Mama akasema. "Kurudi ni neno jingine." Simu ikakatika.

Fundi alipogeuka akamkuta Lami ameinama juu ya meza, anasukuma konzi ya punje upande wa kushoto kwa kiganja. "Nakusogezea hizi, zote bapa," akasema, na kidole chake kilikuwa kinang'aa kwa mate. Fundi alimtoa mezani kwa kumvuta kola, kama anayeondoa shati kwenye henga, kisha akarudia upande wote wa kushoto upya, toka punje ya kwanza.

Zikatoka mia tisa arobaini na moja.

Safari hii alipanga peke yake, kwa chaki, juu ya meza. Mistari kumi na miwili kama kawaida, nyayo tatu tatu, lakini kila mstari mashimo thelathini na tisa tu, ili upana na urefu vikaribiane. Kumi na mbili mara thelathini na tisa, mia nne sitini na nane. Koponi zibaki mia nne sabini na tatu. Nusu, na punje tano za ziada upande wa kopo. Akaridhika. Ilikuwa kama kukata gauni kwenye kitambaa kilichobaki: hakuna cha kutupa, hakuna cha kukosea.

Asubuhi alitoka na kung'oa kila kitu, mistari kumi na miwili, mikono mitupu, mpaka zile punje zilizooza na kunata vidoleni kama kamasi. Zilinuka mpaka kwenye nywele zake. Mara mbili alikwenda kutapika nyuma ya choo, akarudi. Lami alisimama mlangoni akisema jamani, mengine yalikuwa yameota vizuri, jamani, huu ni upotevu. Fundi alivuta kamba. Akaweka kandambili chini. Mashimo alifukua mwenyewe, na kila shimo punje moja, kavu, iliyoviringishwa kwanza kati ya kidole gumba na cha shahada, na kusemewa ndiyo.

Kulikuwa na punje tatu zilizompita. Hilo lilijulikana baadaye.

Mama alikuja mahindi yalipoanza kukauka, amevaa miwani myeusi, ameshikwa mkono na Dada Mkubwa. Alimtazama Lami kwanza, kwa muda. "Kumbe umezeeka hivi," akamwambia. Akaingia shambani, akapita mstari kwa mstari akipapasa, akimenya ganda, akifunika. Katikati ya mstari wa saba, wa nane na wa kumi akang'oa shina moja moja bila kuuliza, akatupia kuku. Punje za mviringo. Kisha akasema vumbi la mashina hayo limeshayafikia mahindi yaliyo jirani nayo, itachukua misimu mitatu ya kuteua mpaka mbegu isafike, na akiwa huko kwa Dada Mkubwa hataweza kuisimamia kazi hiyo. Akaomba kandambili yake. Akavaa mguu wa kulia, akauliza ya kushoto iko wapi.

Mama alikaa pale misimu minne. Mitatu ya kusafisha mbegu, mmoja wa kula. Alifia kitandani mwake, kopo likiwa juu ya kabati, limejaa.

Dada Mkubwa aliuza pikapu baada ya kugonga lango lake mwenyewe. Mwalimu alipata sketi yake mwezi mmoja baada ya sherehe aliyoishonea. Kuku waliokula theluthi ya upotevu walichinjwa wote mwaka ule. Hawakuwa na tofauti na kuku wengine.

Beseni la buluu lilitobolewa matundu chini, likapandwa vitunguu. Vilistawi sana. Hakuna aliyevila.

Lami alihamia chumba cha nyuma cha duka la pumba, akawa anawapimia watu magunia. Mwenye duka anamsifu kwa bidii, ila hajui kwa nini kila mwezi mahindi yanayotoka yanazidi yale yaliyoingia.

Fundi bado anashona. Kila mvua za kwanza hufunga cherehani siku mbili, anavua pete, anachukua ile kandambili, sasa imeliwa kisigino, na kwa sababu hiyo huongeza nusu sentimita kila anapoipiga chini.